Je, nivumilie kipigo kwa ajili ya mtoto?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mume wangu hunipiga, mara nyingi usiku tukiwa chumbani. Mtoto wetu ana miaka minne. Alishaacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena, na akisikia baba yake anagonga geti hujificha nyuma ya kabati. Mume anasema mtoto mdogo haelewi kitu. Mama ananiambia nivumilie kwa ajili ya mtoto. Nikiondoka nitakuwa nashiza, yaani mke aliyemuasi mumewe? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Hapana, binti yangu. Mke anayetoka kwa kuhofia kudhuriwa si nashiza, na mafakihi wetu wa Kishafii wamelieleza hilo. Mkitengana, mtoto wa umri huo ulezi wake huanzia kwa mama.

Hilo la kwamba mtoto haelewi si kweli. Hana maneno ya kuieleza hofu, kwa hiyo mwili wake ndio unaosema: anakojoa, anaweweseka usiku, tumbo linamuuma bila ugonjwa, anang'ang'ania kanga yako, au anawapiga wenzake chekechea. Hata wa kunyonya hushtushwa na ugomvi, na hofu ikiwa ya kila siku huvuruga usingizi, usemi na kujifunza. Tafadhali usimchape wala kumwaibisha kwa kukojoa.

Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akisimama kuswali akitaka kuirefusha swala, akisikia kilio cha mtoto huifupisha, asije akamtia mama yake mashaka. Ikiwa swala hufupishwa kwa ajili ya mama na mtoto wake, ngumi zitaachwaje ziendelee? Bi Aisha (r.a.) naye amesema Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi.

Najua wanaume watanisomea aya ya 34 ya Suratun Nisaa, inayotaja kumpiga mke. Wanavyuoni walioruhusu kupiga waliharamisha kuumiza na kupiga usoni, na Ataa bin Abi Rabah, mwanachuoni wa Makka, alisema mume asimpige mkewe hata akimuasi, bali amkasirikie. Anayofanya mumeo ni dhulma.

Mama yako anakutakia mema, lakini uvumilivu huu anaulipia mjukuu wake. Nenda na mtoto kwa wazazi au kwa ndugu unayemwamini. Wasuluhishi wawili wa aya ya 35, wa kwako na wa kwake, waitwe ukiwa tayari mahali salama. Ukiumizwa, fika polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na uende hospitali. Kwa ajili ya mtoto, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, na mpeleke hospitali waone hali yake. Watoto wengi hupata nafuu wakishakuwa na usalama na mtu mzima mmoja mpole wa kumtegemea.

Mtoto akikuuliza kwa nini mmeondoka, mwambie ukweli kwa maneno ya umri wake: nyumbani palikuwa na kupigana, na yeye hana kosa. Usimsubiri aulize, maana watoto wa umri huo hujilaumu kimoyomoyo.