Milipuko ya jua haiji ovyo, ila haina ratiba

Ukisema milipuko ya jua, yaani miale ya nishati inayofyatuka ghafla kwenye jua, hutokea bila mpangilio wowote, uko sahihi nusu. Ukiuliza mlipuko mmojammoja utatokea saa ngapi, hakuna wa kukujibu. Lakini ukiitazama kwa wingi, mpangilio unaonekana wazi.

Kwanza mahali. Milipuko mikubwa hutoka kwenye makundi ya madoa meusi, na madoa hayo hayasambai jua zima. Yanakaa kwenye mikanda miwili, kaskazini na kusini ya ikweta ya jua. Madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi; unapoanza, huwa karibu na nyuzi 30 kutoka ikweta, kisha mwaka baada ya mwaka mapya yanatokea karibu zaidi na ikweta. Kwenye ncha za jua usiyatafute.

Wakati sasa. Fikiria bisi kwenye sufuria: punje ipi itapasuka, hujui, ila unasikia kasi ikipanda na kushuka. Kundi moja likichafuka, linalipua mfululizo. Mei 2024 kundi namba 3664 lilitoa milipuko kadhaa ya daraja la X (ndilo kali kuliko yote), ukiwemo wa X8.7 tarehe 14. Likazunguka nyuma ya jua, likarudi baada ya wiki mbili na namba mpya, 3697, likaendelea kulipua.

Ila usidhani kilele cha mzunguko, wakati madoa ni mengi zaidi, kikipita tumepona. Ule wa X9.3 wa tarehe 6 Septemba 2017 ulikuja wakati jua linaelekea kutulia kabisa, zaidi ya miaka mitatu baada ya kilele cha 2014.