Mji, pindo na jina: kwa wewe unayeanza kupiga picha za kila siku

Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na kituo cha daladala Magomeni alikuja studio kwangu kupiga picha ya pasipoti. Wakati anasubiri nizikate, akainua macho ukutani, akajiona. Picha ile nilimpiga miaka mingi nyuma, nikaikuza na kuitundika iwe tangazo la kazi yangu: uso umejaa, macho yanacheka, moshi kidogo pembeni, na nyuma yake ukungu laini kama tui. Kila mteja huisifia. Mama akaitazama weee, kisha akauliza, "Hapa ni wapi?"

"Pale pale kibandani kwako, mama."

"Mbona sipaoni?"

Kibanda chenyewe kilishavunjwa. Alikaa pale miaka kumi na minane, akasomesha watoto wanne kwa kikaango kimoja. Usiku ule nilifungua picha zangu zote za mtaa nikamtafutia kibanda chake. Nikakuta uso, mkono umeshika kijiti, uso tena, uso wa mteja wake anayepuliza kitumbua cha moto. Nyuma ya kila uso, ukungu. Nilikuwa nimempiga mara nyingi kuliko mtu yeyote pale mtaani, na sikuwa na hata ubao mmoja wa kile kibanda.

Vijana wanaokuja studio na simu mpya huniuliza waanzie wapi. Siku hizi nawaanzishia kwenye kanga. Kanga ina mji, pindo na jina. Mji ni pale katikati, ua au embe au korosho inayovuta jicho kwanza. Pindo ni ule mzunguko wa pembeni. Jina ni maneno. Hakuna mwanamke atakayenunua kwako kanga ya mji mtupu. Atakuuliza pindo umelipeleka wapi, na kabla ya kufungua mkoba atataka kujua imeandikwaje. Picha za kila siku nazo ndivyo zilivyo, lakini sisi wapiga picha tunafundishana mji peke yake.

Basi tuanze na pindo. Ile programu ya simu inayofuta nyuma ya mtu, izime kwa miezi mitatu. Siyo dhambi kuitumia, mimi mwenyewe naitumia kwenye maharusi na nalipwa. Lakini inakuamulia kitu ambacho hujapata muda wa kukifikiria: kwamba kilicho nyuma ya mtu hakina maana. Rudi hatua mbili. Kabla hujabonyeza, zungusha jicho pembeni mwa kioo cha simu kama unavyokagua kanga iliyokunjuliwa dukani. Kuna kalenda ukutani? Kuna redio? Bei ya mkaa imeandikwa kwa chaki? Ndoo ni ya rangi gani? Hivyo unavyoviona uchafu leo ndivyo watu watakavyokuja kuviulizia kesho.

Nina picha za sokoni ambazo hazina tarehe, lakini nikiona mifuko ya rambo imening'inia mkononi mwa watu najua ni kabla ya Juni 2019, maana tarehe 1 ya mwezi ule ndipo mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania. Wakati napiga, ile mifuko ilikuwa inanikera. Niliikwepa kadiri nilivyoweza. Sasa ndiyo inayonisomea miaka.

Mzee Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, alilijua hili kuliko wote. Alifungua studio yake mwaka 1948, akawa anawapiga watu uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka lake la kitandani, lile la mapambo. Alibadilisha pazia kila baada ya miaka miwili mitatu. Alipozeeka, dunia ikaja kumuuliza picha hizi ni za mwaka gani, naye akawa anazitambua umri kwa kuangalia kitambaa kilicho nyuma ya mteja. Mteja alikuja na suti yake na saa yake, kumbe mwaka umekaa kwenye shuka.

Kuhusu mwanga sina mengi. Huku kwetu jua halitelezi taratibu kama nchi za mbali na ikweta, linashuka wima, kwa hiyo mwanga wa dhahabu wa jioni ukichelewa dakika ishirini umekwisha. Mchana usiogope, ingia barazani: kivuli cha baraza chenye ukuta mweupe mkabala ni studio ya bure. Na simu zetu zina tabia ya kuutia giza uso mweusi ukisimama mbele ya kitu cheupe. Gusa uso kwenye kioo, halafu uongeze mwanga kwa kidole mpaka uione ngozi yenyewe. Hayo yanatosha kwa mwaka mzima, usikubali mtu akuuzie lenzi.

Jambo zito zaidi ni kurudi. Chagua njia moja fupi unayopita kila siku, kutoka mlango wako mpaka bombani, au mpaka kwa muuza gazeti, uipige kwa mwezi mzima. Usihame. Jipimie picha kumi na mbili kwa siku. Hesabu hiyo nimeirithi kutoka enzi za mkanda, ule uliokuwa na picha 36. Tuliugawa siku tatu kwa sababu kuusafisha kulikuwa gharama. Wiki ya kwanza utafurahi. Wiki ya pili utachoka na kujiona mjinga, unapiga ukuta uleule na paka yuleyule, na majirani watakuuliza kama unataka kununua kiwanja. Hapo ndipo wengi huhama, wanaenda Kigamboni kupiga machweo. Wewe vumilia, kwa sababu vitu vya kushangaza vimekwisha na sasa macho yameanza kuchagua yenyewe.

Mimi niligundua changu kwa kuchekwa. Mke wangu alikuwa anapitisha picha za mwezi mmoja kwenye simu yangu, akasimama, akacheka. "Wewe mbona unapiga ndala za watu?" Nikabisha. Akanihesabia: ndala mlangoni kwa jirani, makobazi msikitini, viatu vya shule juu ya ngazi, ndala moja peke yake kwenye mtaro. Zilikuwa ishirini na tatu. Sikuwahi kukusudia hata moja.

Nilikaa na ile hesabu siku kadhaa. Baba yangu alifanya kazi kwenye treni za TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Akiondoka, hatukujua siku wala saa atakayorudi. Treni zilichelewa, na simu nyumbani hatukuwa nayo. Tukitoka shule tulikuwa hatuulizi kama baba amerudi. Tulikuwa tunatazama mlangoni. Makobazi yake yakiwapo, yamekaa sambamba kama mabehewa, tunaingia kwa adabu na njaa ya zawadi. Yasipokuwapo, tunatupa mabegi popote. Nimeishi miaka arobaini na kitu bila kulisimulia hilo kwa mtu, na nisingelikumbuka kama siyo zile picha ishirini na tatu na mwanamke mwenye macho makali.

Sasa usiende kesho kupiga viatu. Hivyo ni vyangu. Fanya hivi: mwisho wa mwezi, mpe simu mtu anayekujua vizuri, dada yako au rafiki wa utotoni, mwambie apitie picha zote bila wewe kusema neno, kisha mwulize ameona nini kinajirudia. Wewe mwenyewe huwezi kuona, kama mtu asivyosikia lafudhi yake. Na usilazimishe kila kinachojirudia kiwe na siri. Nina picha mamia za paka. Nimezichunguza sana. Ni paka tu.

Halafu kuna watu. Huwezi kupiga mtaa bila kupiga watu, na hapa nilikosea vibaya. Kariakoo, mchana wa jua kali, nilimkuta kijana amelala juu ya mkokoteni wake, mkono umening'inia, mwanga umemwangukia vizuri ajabu. Nikapiga, nikaiweka mtandaoni, watu wakaipenda mno. Baada ya wiki mbili nikamkuta tena, ameamka safari hii, na mtu alishamwonyesha. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliniambia, "Kaka, mimi nyumbani wanajua nafanya biashara mjini. Umewaonyesha nimelala." Picha yangu ilisema uchovu wa mji mkubwa na maneno mengine mazuri kama hayo. Kwao ilisema mtoto wenu ameshindwa. Niliifuta, lakini ilishasambaa.

Tangu siku hiyo, salamu hutangulia kamera. Mzee aliyekaa kwenye baraza lake anapewa shikamoo yake, tunaongea bei ya dagaa, mechi ya jana, na mara nyingi kamera haitoki mfukoni siku hiyo. Itatoka kesho. Akikataa, amekataa, usijifanye unapiga mti ulio nyuma yake. Akikubali, mwonyeshe ulichopiga palepale, na ukiweza mrudishie nakala iliyochapwa. Mtu uliyempelekea nakala atakusimulia mambo ambayo yule uliyemwibia picha hawezi kukusimulia, na masimulizi hayo ndiyo yanayotupeleka kwenye jina.

Jina la picha liandike usiku uleule. Wengi wakiandika, wanaandika mashairi: "Upweke." "Safari ya maisha." "Tumaini." Maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye picha yoyote duniani, kwa hiyo hayajasema lolote kuhusu hii. Andika nani, wapi, na alisema nini. Nikupe mfano. Nina picha ya jirani yangu amesimama na ndoo ya mahindi kichwani. Ningeweza kuiita "Mwanamke wa Kiafrika", Mungu apishe mbali. Daftarini nimeandika: Jumanne, saa mbili asubuhi. Umeme umekatika tangu jana, mashine haisagi, amekwenda na mahindi na amerudi na mahindi. Kasema, leo watoto watakula hasira zangu. Kila nikiisoma namsikia sauti.

Ukidhani utakumbuka, fikiria habari ya Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyepiga mitaa kwa miongo kadhaa bila karibu mtu yeyote kujua. Mwaka 2007 vitu vyake alivyovihifadhi kwenye ghala la kukodi vilipigwa mnada kwa sababu kodi haikulipwa. Ndani mlikuwa na picha nyingi ajabu. Zote alizoacha zinazidi laki moja, na mikanda mingine haijawahi hata kusafishwa. Alifariki mwaka 2009 kabla mnunuzi mkubwa wa mzigo ule hajamfikia. Leo picha zake zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa, lakini yule mtoto anayelia kwenye picha alikuwa analia nini, wa kujibu hayupo.

Mambo mawili ya ufundi hapa, maana yananiuma. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inaminywa na kumbukumbu ya tarehe iliyofichwa ndani yake inapotea. Itume kama faili. Na simu huibiwa. Chapisha picha kumi kila mwezi, ukubwa wa kawaida tu, andika nyuma kwa penseli, tia kwenye boksi la viatu. Bahasha ya picha kumi imewahi kuokoa kazi yangu ya mwaka mzima iliyokwenda na simu kwenye dirisha la basi.

Nirudi kwa mama wa vitumbua. Nilikitafuta kibanda chake wiki nzima, nikakipata mahali ambapo sikutarajia. Mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi yalipokuwa yanakaribia kuanza mwezi Mei, nilikwenda kituoni kupiga daladala kabla hazijaondolewa kwenye njia ile. Picha moja iliharibika: konda amekatwa kichwa, basi limeinama upande. Sijui kwa nini sikuifuta. Kwenye pindo lake la kushoto, kadogo kama ukucha, kuna turubai la bluu, meza, ndoo mbili, na mama amekaa amegeukia pembeni. Uso hauonekani.

Niliikuza mpaka ikaanza kuchanika chengachenga, nikaichapa, nikampelekea. Hakuitazama meza wala turubai. Aliweka kidole kwenye ndoo iliyopinduliwa, ile ya nyuma.

"Hapa," akasema, "ndipo alipokuwa anakaa mwanangu wa tatu akifanya hesabu zake. Unga ukimwagika kwenye daftari, mwalimu anamchapa."

Nikamwomba kalamu, nikaigeuza picha, nikaandika.