Kasi ya chamchela husomwa kwenye kifusi

SWALI: Assalaam alaykum. Nimeona picha ya nyumba ya Marekani iliyozolewa na chamchela ikabaki sakafu tupu. Wanasema upepo ulizidi kilomita 322 kwa saa. Nani aliupima, na kwa chombo gani?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Kwa kawaida hapimi mtu. Chamchela ina njia nyembamba, si kama kimbunga cha baharini, na ni nadra ipite palipo na chombo. Wakaguzi hufika baadaye, wakasoma kifusi, wakakadiria upepo (wastani wa mvumo wa sekunde 3) uliotosha kukifanya.

Kipimo chao, kilichoanza kutumika Marekani Februari 2007, kinaitwa Enhanced Fujita (EF), yaani Fujita kilichoboreshwa; kinatokana na kile cha mtaalamu Fujita cha mwaka 1971. Kina ngazi kutoka EF0 (kilomita 105 hadi 137 kwa saa) mpaka EF5 (zaidi ya 322), na aina 28 za majengo na miti ya kukagulia. Kwa nyumba ya kawaida ya familia, sehemu kubwa ya paa ikiondoka na kuta zikasimama, makadirio ni kama 196. Vikibaki vyumba vidogo vya ndani tu, 245. Kuta zote zikianguka, 274. Sakafu ikifagiliwa, 322.

Ila sakafu tupu peke yake haitoshi kuitwa EF5, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mkaguzi huinama pembezoni mwa zege akatazama bolti zinazofunga ubao wa chini wa ukuta kwenye zege. Ikiwa nati na washa bado zimekaza na ubao umechanika kuzizunguka, nyumba ilifungwa barabara, na upepo ulikuwa mkali kweli. Akikuta misumari mitupu iliyochomoka, hushusha kadirio, hata chini ya 270, kwa sababu nyumba ile ingeng'oka kwa upepo mdogo zaidi. Wenye mapaa ya mabati wazingatie hilo: mlango au dirisha likivunjika, upepo huingia na kulisukuma paa juu huku ule wa nje ukilivuta. Kinacholishikilia ni vifungo vya kenchi kwenye ukuta, si uzito wa bati.

Pasipo na nyumba hukaguliwa miti. Mti mgumu uliochunwa gome ukabaki vigutu vya matawi huashiria takriban 230.

Na pasipo na chochote cha kuvunja? Tarehe 31 Mei 2013 karibu na El Reno, Oklahoma, rada za watafiti zilisoma zaidi ya kilomita 400 kwa saa katika chamchela yenye upana wa kilomita 4.2. Ilipita sana mashambani, na kwa kuwa ngazi hutolewa kwa kifusi, si kwa rada, ikaandikwa EF3 tu.