Re: Nanunua simu mpya, namba zangu 600 nazihamishaje?
Mkuu kwanza achana na habari ya kuzisevu kwenye laini, laini nyingi zinabeba kama 250 tu na majina marefu zinayakata. Kama simu zote mbili ni Android ingia setingi, akaunti, Google, hakikisha kontakti zimewashwa pale, halafu kwenye simu mpya weka imeili ileile ya Google, zinashuka zenyewe. Ila zile ulizosevu kwenye simu yenyewe haziendi mpaka uzihamishie kwenye akaunti, mi ndo iliponikuta hapo nikapoteza namba ya fundi wangu wa pikipiki. Ukitaka uhakika toa faili la vcf (faili moja linalobeba namba zako zote) ujitumie kwa imeili. Na simu ya zamani usiiflashi (kuifuta kila kitu) wala kuiuza kabla hujaziona namba zote kwenye mpya. Paswedi ya hiyo imeili unayo lakini?