Fundi Anajibu: Radiogramu ya babu, niifufue au niifumue?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimerithi radiogramu ya babu, lile kabati refu la mbao lenye redio, sehemu ya kupigia santuri na spika mbili humo humo. Kila ninayemuuliza ananiambia haina thamani, zilitengenezwa nyingi mno na hakuna anayezitafuta. Kaka yangu anataka tutoe matumbo yote tuweke amplifaya mpya na Bluetooth, mimi roho inaniuma. Haijawashwa miaka mingi sana. Pia mbao imefifia, nipige msasa?

JIBU: Asante dada kwa swali, na kabla ya yote naomba usiichomeke kwenye umeme hata kwa kujaribu tu. Najua hamu unayo ila subiri. Ndani mna kapasita, yaani vifaa vidogo vinavyotunza umeme kwa muda, zile kubwa za kulainisha umeme zinakauka kadiri miaka inavyoenda, na zile za karatasi na nta zinaanza kuvujisha umeme pale usipotakiwa kupita, sasa ukiwasha ghafla moja ikapiga shoti inaweza kuondoka na transfoma, na transfoma ndio hutaipata kirahisi. Fundi makini ataunga kwanza balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 kwenye waya mmoja wa umeme unaoingia (LED haifai kwa hili), ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo hivyo kuna shoti, ikiwaka halafu ikafifia kuna matumaini. Na kama ni ya valvu, zile taa za kioo, humo kuna volti 250 na zaidi ambazo zinaweza kubaki kwenye kapasita hata plagi ikishachomolewa, kwa hiyo upande huo mwachie anayezijua.

Sasa hilo la thamani, mimi naliona ni habari njema kabisa. Kitu cha wakusanyaji ukitoboa tundu moja tu umeshakiharibu, hiki chako uko huru, ongeza soketi, badilisha waya, toa kilichokufa, hakuna wa kukulaumu. Ila uhuru huo usiutumie kutupa amplifaya ambayo hamjaisikia hata mara moja! Nyingi za miaka ya 1960 zina wati chache tu kila upande lakini spika zake za karatasi hazihitaji nguvu nyingi, na kwenye kabati kubwa lililo wazi nyuma sauti inatoka nene, laini, inajaza chumba, mkiweka amplifaya mpya na spika za gari mtapata kelele zaidi na sauti ile ndio basi tena. Mara nyingi ugonjwa wote ni kapasita na uchafu kwenye swichi na vitufe vya kuongezea sauti. Mwambie fundi aanze na kapasita inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho, ikivuja hata kidogo valvu inachemka mpaka bati lake la ndani linakuwa jekundu.

Upande wa santuri unaweza kuufanya mwenyewe, plagi ikiwa nje. Ng'oa sahani inayozunguka, kwenye nyingi utaona kigurudumu cha mpira kinachobanwa kati ya mota na ukingo wa sahani. Kikikaa kimebanwa miaka kinapata bapa upande mmoja, ndio ile duk duk duk unayoisikia chini ya muziki. Kisafishe na spiriti, kisugue kidogo na msasa laini, kama kimekuwa kigumu kama ukucha tafuta kingine. Mkono wa sindano ukigoma kurudi wenyewe usiulazimishe, ni grisi ya zamani imeganda, ifute yote upake mpya kidogo. Kichwa cha sindano kikiwa bubu usishangae, vingi vilikuwa vya fuwele ya chumvi ya Rochelle ambayo unyevu unaiua, weka cha seramiki. Cha sumaku cha kisasa hapana, kinatoa milivolti chache tu, kinataka priampu yake, yaani kikuzaji cha awali cha sauti, na mkono ule mzito utakiumiza.

Bluetooth kaka yako ataipata bila kuvunja kitu. Angalia nyuma kama kuna soketi iliyoandikwa TAPE au AUX, kipokezi kidogo cha Bluetooth kinachomekwa hapo, imekwisha. Tahadhari moja tu: baadhi ya zile za bei nafuu hazina transfoma ya umeme, chasisi yake, yaani fremu ya chuma ya ndani, imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, hizo usiunge waya wowote wa nje mpaka fundi ahakikishe. Ikitokea amplifaya imekufa kweli kweli basi toeni, ila kwa bisibisi, siyo kwa koleo, kila waya uandikwe ulipotoka na vyote vifungwe kwenye boksi chini ya kabati hilo hilo.

Na mbao, msasa hapana. Juu mara nyingi ni ganda jembamba sana la mbao nzuri lililogundishwa, ukisugua kidogo tu umetokeza mbao ya chini na hairudishiki. Futa na kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini, kausha hapo hapo, halafu paka nta ya fanicha. Anzia pembeni kwa chini pasipoonekana, uone rangi inavyoitikia.