Yule ndege wa hori ya Mida si yangeyange

Mkuu, umeuliza kama wale ndege weupe wenye mgongo mweusi uliowaona hori ya Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, ni yangeyange wa aina nyingine. Sio. Huyo ni mla kaa, Dromas ardeola kwa jina la kitaalamu, na sisi wa huku tunaye kwa wingi kuanzia Agosti mpaka Aprili hivi.

Rangi isikuhangaishe, tazama mdomo. Wa yangeyange ni mwembamba. Wa huyu ni mweusi, mnene, umechongoka kama kifuo cha nazi. Miguu mirefu, rangi ya kijivu-buluu, na urefu wake kama sentimita 40.

Maji yakipwa ndipo utamwona kazini. Anapiga hatua mbili tatu, anasimama, halafu anachomoka mbio kumdunga kaa kabla hajawahi shimo. Kaa mdogo anamezwa mzima mzima. Mkubwa anakung'utwa mpaka magando yang'oke. Hata usiku wanakula, kelele zao utazisikia.

Kuzaa hawazai huku. Wakati huo wako visiwa na fukwe za Ghuba ya Uajemi, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, na huko ndiko kwenye vituko. Wanachimba mashimo mchangani, mengi mahali pamoja, na kwa kawaida jike hutaga yai moja tu. Jeupe pe! Ndege wengi wa ufukweni mayai yao yana madoadoa ili yasionekane, lakini hili liko gizani, madoa ya nini? Joto la mchanga nalo linasaidia kuatamia, kwa hiyo mzazi anaweza kutoka akatafute riziki. Kinda hubaki shimoni akiletewa kaa.

Na kudeka hakuishii huko. Wale wa kijivu uliodhani ni jike ni watoto. Mwezi wa kumi utamkuta mmoja, kimo sawa na mzazi, ameshavuka bahari yote hiyo, bado anamfuata nyuma akilia apewe kaa. Ukiwaona wachache mwezi wa sita, hao ni vijana wasiofikia umri wa kuzaa, hawakurudi kaskazini.

Ukija tena, fika maji yanapoanza kujaa, yanawasogeza wenyewe upande wa mikoko. Usiwafuate kwenye fungu la mchanga walikojikusanya. Akiruka mmoja wanaondoka wote, wanatua ng'ambo ambako darubini ya kawaida haiwafikii.