Chenga za picha haziponi kwa kuongeza DPI

SWALI: Nachora majahazi juu ya vitambaa vya matanga makuukuu hapa Langoni, Lamu. Picha moja ina maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na wageni wanaiulizia sana, kwa hiyo nataka nakala za karatasi za A2. Niliipiga kwa simu nikaituma kwa WhatsApp kwa duka la uchapaji Malindi. Imetoka na chenga, na bahari imekuwa zambarau. Mwenye duka ataka nimwongeze pesa aipandishe DPI hadi 300. Nimlipe?

JIBU: Usimlipe, ndugu yangu. DPI haimo ndani ya picha. Ni agizo kwa mashine, pikseli ngapi (vile vidoa vidogo vya rangi vinavyounda picha) zibanwe katika kila inchi ya karatasi. WhatsApp kwa kawaida hupunguza picha hadi kiasi cha pikseli 1600 upande mrefu. A2 ina urefu wa milimita 594, yaani inchi 23.4. Gawanya: unapata pikseli 68 kwa inchi. Akiandika 300, ama picha itatoka na urefu wa sentimita 13.5, ama programu itabuni pikseli za kujazia kwa kukisia kutoka kwa zilizo jirani. Zile chenga za vimiraba ni alama za JPEG, njia ya kubana faili la picha, ambayo hugawa picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa mistari myembamba. Kilichotupwa hakimo tena kwenye faili hilo.

Programu za akili mnemba za "kusafisha" picha ni hatari zaidi, kwa sababu matokeo yake yanapendeza. Nazo zinakisia. Kwenye maandishi yako, nukta mbili za ta katikati ya neno zikiungana kuwa moja, msomaji anasoma nuni. Neno limeharibika, na sahihi yako iko chini yake.

Tafuta faili la awali kwenye simu. Kamera ya megapikseli 12 hutoa takriban pikseli 4000 kwa 3000, ambazo kwa A2 ni 170 kwa inchi. Picha ya kutazamwa ukutani kwa umbali wa mita moja yatosha hata kwa 150. Itume kama dokumenti, au ipeleke kwa flashi ya USB.

Faili likiwa limepotea, piga upya. Tanga livutwe kwenye fremu lisiwe na mikunjo, lisimamishwe wima uani, kivulini, saa tatu asubuhi; jua lisiliguse hata ukingo. Futa lenzi, kwani chumvi ya pwani huleta ukungu. Tumia lenzi kuu bila kuvuta kwa vidole, simu iwe kwenye stendi, usawa wa katikati ya picha, na taimeri ya sekunde 3. Zima fleshi ya kamera.

Zambarau ni shida nyingine. Buluu kali ya skrini haipatikani kwa wino wa kawaida wa rangi nne, kwa hiyo mashine huchukua rangi iliyo karibu. Kabla ya kulipa, dai ukanda wa majaribio wenye ukubwa wa A4, uliokatwa kutoka picha ya A2 bila kupunguzwa, unaopita baharini na kwenye maandishi. Utazame nje mchana, si chini ya taa ya duka.

Wachoraji, wachongaji wa milango, wapiga picha za harusi, wote wanauziwa dawa hii ya DPI. Anayetaja bei kabla ya kuuliza faili lina pikseli ngapi, ama hajui kazi ama anajua na anakula pesa yako. Kinachouma zaidi ni msanii kumuuzia mgeni kazi ya asili akabaki na picha ya WhatsApp tu. Kuuza kitambaa hakumpi mnunuzi hakimiliki. Sheria ya Kenya inataka hakimiliki ihamishwe kwa maandishi. Lakini utachapa nini bila faili? Piga picha kabla kazi haijafungwa, hifadhi faili mahali pawili, na ukitaka kurekebisha rangi, rekebisha nakala, lile la awali usiliguse.